CBN au CBD: ipi ya usingizi, ipi ya kifafa?

Bangi iliyokaa miezi chini ya bati la Malindi hugeuka hudhurungi na ulevi wake hupungua. Joto, mwanga na hewa huigeuza THC, kemikali ya bangi inayolevya, kuwa kemikali nyingine, CBN. Ndipo watu wakasema bangi kuukuu hulaza. Lakini ushahidi wa CBN kwa usingizi bado ni mwembamba, na yaweza kulevya kidogo.

CBD, nayo kemikali ya bangi, ni habari nyingine. Hailevyi, na mwaka 2018 Marekani iliidhinisha Epidiolex, dawa ya maji yenye CBD, kwa vifafa sugu vya Dravet na Lennox-Gastaut. Daktari huanza na miligramu 2.5 kwa kila kilo, mara mbili kwa siku, kisha baada ya wiki hupandisha hadi 5. Mtoto wa kilo 20 huanza na miligramu 50 asubuhi na 50 jioni, yaani nusu mililita kila mara. Ipimwe kwa bomba la sindano: kijiko cha chai hubeba mililita 5, mara kumi ya dozi! Ikikutana na valproeti, dawa nyingine ya kifafa, ini laweza kuumia, kwa hiyo damu hupimwa kabla ya kuanza.

Nchini Kenya, bangi yenyewe ni haramu.