Nimetuma pesa kwa simu isiyo na Android: Pixel 3a na Ubuntu Touch

Habari za saa hizi jamani, karibuni tena. Msiondoke, maana simu hii nimekaa nayo mfukoni wiki tatu nzima, laini yangu ya kila siku ikiwa ndani, na nina maneno mengi. Ni Pixel 3a. Mambo ya prosesa na RAM sisomi, simu ya mwaka 2019 hii, mnaijua. Nasema mawili tu: tundu la hedifoni bado lipo, na betri ni ya mAh 3000, ndogo kwa siku hizi, kwa hiyo ukitoka asubuhi beba pawabenki.

Kilichonifanya niwashe kamera ni kilichomo ndani yake. Google waliacha kuipelekea masasisho mwaka 2022. Miaka mitatu! Mtu kaitoa dola 399 ikiwa mpya, miaka mitatu tu wanamwambia basi, na simu haina hata mkwaruzo. Sasa tazameni hapa. Navuta kidole kutoka ukingo wa kushoto, aplikesheni zinajipanga pembeni. Navuta kutoka kulia, zote nilizofungua zinasimama kama karata. Navuta kutoka juu, lakini angalieni, nikianzia kwenye alama ya betri inafunguka betri, nikiburuza kidole pembeni bila kukiinua inahamia sauti, inahamia mtandao. Hii si Android. Hii ni Ubuntu Touch, mfumo mwingine wa simu unaokaa mahali pa Android.

Kwa kifupi, kwa mliojiunga juzi. Canonical, kampuni ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, walitangaza mwaka 2013 kwamba Ubuntu, mfumo wao wa kompyuta uliojengwa juu ya Linux, utaingia kwenye simu. Mwaka huohuo wakachangisha fedha mtandaoni watengeneze simu yao, Ubuntu Edge, walitaka dola milioni 32, zikapatikana kama milioni 12 na ushee, mradi ukafa. Aprili 2017 wakaiacha kabisa kazi ya simu. Hapo ndipo watu wa kujitolea waliokuwa wakijiita UBports wakasema, basi tupeni sisi. Wameibeba mpaka leo. Na jina lenyewe, ubuntu, sisi tunalisikia bila mkalimani, si ndiyo utu huo huo?

Sasa twende kwenye swali lenu. Nilipoweka picha ya simu hii wiki iliyopita, nusu ya maoni yaliuliza kitu kimoja: "Kaka, na pesa natumaje?" Swali zuri kuliko yote. Simu isiyoweza kutuma pesa hapa kwetu ni tochi.

Kamera isogee karibu. Nafungua simu, napiga *150*00#. Naachia. Inazunguka... inazunguka... hiyo hapo! Mnaiona? Kisanduku cheupe, menyu ya M-Pesa yote, na chini pana nafasi ya kuandika jibu. Naandika 1, kutuma pesa. Najibu. Menyu ya pili hiyo. Nachagua, naweka namba ya dada yangu yuko Tanga, elfu mbili ya majaribio. Hapa kwenye namba ya siri naziba kioo kwa kiganja, kwa sababu tarakimu zinaonekana wazi unapoandika, kama ilivyo kwenye Android. Najibu... ngoja... subirini, nisiseme kitu... Ujumbe umeingia! Nimetuma. Na simu yangu ya pili inaita, ni dada huyo, anauliza ya nini. Nitakueleza dada, niko hewani!

Jamani, mimi nilisimama nilipoona hii mara ya kwanza. Labda wewe unaona kawaida, kwa hiyo ngoja nikwambie nini kimefanyika hapo chini. Vipuri vya simu, yaani modemu, kamera, kihisio cha alama ya kidole, vinaendeshwa na draiva ambazo mtengenezaji hakuzitoa wazi, na zimeandikwa kwa ajili ya Android peke yake. Ubuntu haiwezi kuongea nazo. Kwa hiyo kuna mradi unaitwa Halium: wanachukua kipande kidogo cha Android, kile kinachojua kuongea na vipuri tu, wanakifungia kwenye chumba cha uani. Ubuntu inakaa sebuleni. Ukipiga *150*00#, sebuleni wanapokea, wanampa oFono, ndiye karani wa mambo ya simu, oFono anagonga mlango wa uani, uani wanaiambia modemu, modemu inaongea na mnara, na jibu linarudi njia hiyohiyo. Milango yote hiyo, kwa kila aina ya simu, kuna mtu ameikagua mmoja mmoja. Halipwi mshahara. Mara nyingi simu ya majaribio amenunua mwenyewe.

Na haianzi kwa menyu nzuri hivi. Inaanza kwa nembo inayojiwasha na kuzima usiku kucha. Mtu anachomeka waya wa USB kwenye kompyuta, anasoma kumbukumbu za kerneli, yaani kiini cha mfumo, mstari kwa mstari, anabadilisha kitu kimoja, anaflashi, yaani anauandika mfumo upya kwenye simu, inazima tena. Siku kioo kikiwaka, mguso haufanyi kazi. Mguso ukikubali, unapiga simu, upande wa pili wanapokea, hamsikilizani, kwa sababu sauti haijaelekezwa kwenye spika ya sikio. Nawapenda sana watu hawa, nasema mbele ya kamera.

Ndugu zetu wa Kenya, nyie mliozoea menyu ya M-Pesa iliyo ndani ya laini: menyu hiyo kwenye simu yangu haikutokea. Tumieni *334#, njia ni ileile ya kisanduku.

Kuna jambo jingine limenishangaza. Wamarekani wanaulalamikia mfumo huu sana, na wana haki. Kule mitandao ilizima 3G mwaka 2022, sauti lazima ipite kwenye 4G, yaani VoLTE, na VoLTE ndiyo mlango mgumu kuliko yote kwa wanaohamisha mfumo huu, kwa sababu kila kampuni ya modemu ina mambo yake ya siri. Simu nyingi za Ubuntu Touch hazina. Sisi huku 2G na 3G bado zipo, nikipigiwa, simu inashuka huko, tunaongea vizuri. Kwa hiyo kitu kinachomkatisha tamaa mtu wa Chicago, mtu wa Mbagala hata hakimgusi.

Lakini sijaja kuwadanganya. WhatsApp hamna. Telegramu ipo, inaitwa TELEports, imetengenezwa na watu haohao, safi. WhatsApp nimeiendesha kupitia Waydroid, hii inafungua Android nzima ndani ya dirisha. Inafanya kazi, ila ujumbe hauniamshi mpaka nifungue, na betri inayeyuka. Aplikesheni ya benki yangu ilikataa kabisa, ikasema kifaa si salama. Simu iliyopokea masasisho mwezi huu si salama, ila ile iliyoachwa tangu 2022 na Android yake ya zamani ndiyo salama? Hili linanikera hadi moyoni. Picha za usiku nazo zimeshuka, kwa sababu ule ufundi uko kwenye aplikesheni ya kamera ya Google, hauko kwenye lenzi.

Nilianza video nikitaka kuwaambia wote muiweke. Nimebadilika hapahapa nikiongea. Kama biashara yako yote iko WhatsApp, chukua LineageOS. Hao nao ni watu wa kujitolea, waliinuka baada ya CyanogenMod, Android nyingine ya kujiwekea mwenyewe, kufungwa Desemba 2016, nayo ni Android, vitu vyako vyote vinaingia, na Pixel 3a wanaihudumia. Kuna na postmarketOS, iliyoanza 2017. Hao lengo lao simu iishi miaka 10, na wanajitahidi kutumia kerneli ya Linux ya kawaida badala ya ile kuukuu ya mtengenezaji. Kazi ngumu zaidi, lakini ikikamilika hakuna chumba cha uani. Hiyo nataka kuijaribu kwenye OnePlus 6, na hiyo ndiyo habari ya chaneli: maswali ya moja kwa moja sasa ni Jumamosi saa mbili usiku, siyo Ijumaa tena. Kengele hiyo chini, bonyeza.

Mnaouliza Tecno na Infinix, nimewasoma. Uliza mambo mawili kabla ya kuulizia mfumo. Je, bootloader, ile programu inayoanzisha mfumo simu ikiwashwa, inafunguka ili uweke mfumo mwingine? Je, msimbo wa kerneli ya modeli yako umetolewa? Kerneli ya Android nayo ni Linux, na leseni ya Linux inamtaka mtengenezaji autoe. Asipoutoa, hata mtu awe hodari vipi, hana pa kuanzia.

Bei. Hii nimeipata Kariakoo, yusidi, laki moja na themanini. Na ni ya pili. Ya kwanza niliuziwa bei nafuu zaidi, kumbe ilikuwa imefungwa na kampuni ya simu ya Marekani, bootloader haifunguki milele. Kwa hiyo ukiwa dukani, kabla hujatoa hela, ingia Settings, sehemu ya kuhusu simu, gonga namba ya toleo mara saba, rudi, fungua menyu ya wasanidi, unganisha intaneti, tafuta mstari ulioandikwa OEM unlocking, ndiyo ruhusa ya kufungua bootloader. Uguse. Ukiwaka, lipa. Ukiwa wa kijivu na hauguswi, mrudishie muuzaji simu yake, mwambie akupe nyingine. Na hamisha picha zako kwanza, kwa sababu kufungua bootloader kunafuta kila kitu. Dada anapiga tena, ngoja nimpokee kwa hii hii. Haloo? Unanisikia? Jamani, ananisikia!