Seti niliyoinunua kwa ajili ya Margaret Dumont

Seti hii ya Blu-ray ina filamu zote tano ambazo ndugu wa Marx, wachekeshaji wa Kimarekani, walizitengenezea studio ya Paramount kati ya 1929 na 1933. Wengi wataichukua kwa sababu ya Groucho, mmoja wa ndugu hao. Mimi nilimfuata yule mama mrefu, kidevu juu, sauti ya kifahari: mwigizaji Margaret Dumont.

Yumo katika tatu. Anza na Duck Soup. Humo ni Bi Teasdale, mjane tajiri anayekubali kuikopesha serikali ya Freedonia, nchi ya kubuni, mamilioni ya dola, mradi Groucho apewe uongozi. Groucho anamuuliza habari za marehemu mumewe, na kila jibu la majonzi linageuzwa dhihaka papo hapo. Mtazame usoni. Hacheki, hanuni, anashtuka kidogo, anajikusanya, anaendelea na ustaarabu wake. Kicheko chote kinatoka hapo. Mwishoni anapaza sauti kuimba wimbo wa taifa kwa ushindi, nao ndugu wa Marx wanamtupia matunda. Hapo nimerudisha nyuma mara nyingi tu.

Groucho alipenda kudai kwamba Dumont hakuwahi kuelewa utani wake, na alilirudia hilo hata alipopokea Oscar ya heshima mwaka 1974. Siamini hata chembe. Huyu aliwahi kucheza The Cocoanuts na Animal Crackers jukwaani Broadway kabla hazijawa filamu. Utangojaje kicheko cha ukumbi mzima kitulie, usiku baada ya usiku, kisha useme neno lako kwa wakati wake barabara, kama hujui watu wanacheka nini?

Kuhusu diski zenyewe: Animal Crackers imerudishiwa vipande vilivyokatwa ilipotolewa upya mwaka 1936, na picha yake inapendeza. The Cocoanuts ni kuukuu zaidi. Karatasi zililowekwa maji zisikwaruze kwenye maikrofoni za siku hizo, na kweli utaziona zimelegea kama matambara. Nyimbo za wapenzi wawili humo, ruka tu.

Mbili zilizobaki, Monkey Business na Horse Feathers, ni za mwigizaji mwingine wa kike, Thelma Todd. Yeye ni mwepesi, mchokozi, anajibu mapigo. Alifariki Desemba 1935 akiwa na miaka 29 tu. Nampenda, lakini anapokuwepo yeye Groucho anapata mshindani, si mhanga, na mchezo unabadilika.

Ukitaka A Night at the Opera, ambamo Dumont yuko kwenye kilele chake, itafute kando. Hiyo ilikuwa ya MGM, studio nyingine.