Mafunzo ya kuwatetea mifugo mahakamani: uzoefu wangu

Nipo mwaka wa tatu wa shahada ya sheria, na nimemaliza mafunzo ya mtandaoni ya kutetea wanyama wanaofugwa kwa chakula. Nayapendekeza, na sababu kubwa ni kesi ya mazoezi.

Tulipewa lori la ng'ombe lililojazwa kupita kiasi, likielekea mnada wa mifugo wa Pugu, Dar es Salaam. Mkononi tulikuwa na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya Tanzania, Na. 19 ya mwaka 2008, inayomtambua mnyama kuwa kiumbe mwenye hisia. Kabla hatujagusa hoja ya msingi, upande wa pili ukaweka pingamizi la awali: mleta maombi si mwenye ng'ombe, hajapata hasara yoyote, amekuja kudai nini? Wakufunzi walitukalisha hapo muda mrefu, na walifanya vyema. Pingamizi likipita, mateso ya wale ng'ombe hayasikilizwi kabisa.

Ndipo tukasoma Shauri Na. 9 la 2010 la Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, ambamo ANAW, shirika la kutetea wanyama la Nairobi, liliishtaki Tanzania kuhusu barabara ya lami ya kukatiza Serengeti, likashinda mwaka 2014. Wale ni wanyamapori, sawa. Lakini Ibara ya 30 ya Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki inamruhusu mkaazi yeyote wa nchi mwanachama kufungua shauri. Je, njia hiyo inaweza kumfaa kuku wa mayai aliyebanwa kwenye tundu? Tulibishana sana, na mpaka leo naamini inafaa kujaribiwa.

Kipindi kilichonigusa zaidi ni cha shahidi mtaalamu, daktari wa mifugo. Alitukataza kumuuliza kama ng'ombe "waliteseka". Niulizeni, alisema, walinyweshwa maji lini mara ya mwisho, wangapi walikuwa wamelala chini, wangapi wana majeraha ya pembe. Hayo jaji anaweza kuyaandika.

Upungufu upo. Pendekezo Na. 12 la California, sheria ya nafasi wanayopewa mifugo vizimbani, iliyopitishwa kwa kura ya wananchi 2018 na kuhimili pingamizi mbele ya Mahakama ya Juu ya Marekani 2023, lilipewa vipindi vingi mno, huku kuku wanaoning'inizwa miguu juu kwenye bodaboda wakiguswa kwa dakika chache tu. Machinjio ya wilayani hayakutajwa kabisa.

Ukijiunga, isome sheria ya 2008 mapema, kwani hawamsubiri mtu. Na tenga jioni zako: kuandaa hoja za maandishi kunachukua muda mrefu kuliko vipindi vyenyewe.