TK-41 au Plumbicon: kamera ipi ya rangi?

Wapenzi wa televisheni za zamani hawaishi kubishana. TK-41 ya kampuni ya RCA, iliyotawala studio za Marekani miaka ya 1950, ilikuwa na mirija mitatu ya kunasa picha na uzito unaozidi kilo 100. Kuisogeza kulitaka watu wa miraba minne. Ilidai taa kali mno, waigizaji wakitota jasho, na mafundi waliirekebisha kila mara ili rangi zikae sawa. Lakini rangi zenyewe! Zimekolea, zina uhai.

Kamera za Philips zenye mirija ya Plumbicon, za miaka ya 1960, hazikuwasumbua mafundi hivyo. Nyekundu tu ndiyo iliyopwaya mwanzoni. Mwenye makumbusho na fundi mvumilivu achukue TK-41. Anayetaka kurekodi kesho asubuhi, Plumbicon.