Nikon D3500 kwa anayeanza na bajeti ya kawaida

Mnaouliza kamera ya kuanzia, mi nasema tafuteni Nikon D3500 ya mtumba na lenzi yake ya 18-55mm, ile ya kuzumu inayouzwa nayo. Ilitoka 2018, megapikseli 24.2, na betri yake jamani, Nikon wenyewe wanasema picha 1,550 kwa chaji moja, yani unapiga sendofu nzima hadi watu wanapanga viti kuondoka na bado inadunda. Nyepesi, inakaa vizuri mkononi, na ukizungusha kile kidude cha juu kwenye GUIDE inakuelekeza hatua kwa hatua.

Sasa mabaya. Haina tundu la maiki, kwa hiyo kama we ni mtu wa video achana nayo. Skrini haigeuki wala sio ya kugusa. Halafu hili wauzaji wengi wanalikalia kimya, bodi, yani kamera yenyewe bila lenzi, haina mota ya fokasi, ukiuziwa lenzi ya 50mm f/1.8D kisa bei chee utafokasi kwa mkono mpaka ukome, chukua iliyoandikwa AF-S au AF-P, hizo zina mota yao ndani.

Kabla hujalipa piga picha ukuta mweupe kwa f/22, yani tundu la kupitisha mwanga kwenye lenzi likiwa dogo sana, vidoti vyeusi vikitokea sensa (kile kinachonasa picha ndani ya kamera) ina vumbi, hapo shusha bei.