Kikasha cha vishale unachokichonga ndani mwenyewe: nimekaa nacho mwaka na miezi miwili

Kwa miaka mitatu vishale vyangu vya kurushia ubaoni (mchezo wa darts) vililala kwenye kipochi laini cha nailoni, kile cha kukunja katikati chenye vifuko vitatu vya kuchomeka. Ukikiweka mezani hakina ubaya wowote. Ubaya unaanza kikiingia kwenye begi pamoja na chupa ya maji na viatu. Siku moja niliingiza mkono kwenye begi nikachomwa. Ncha ya kishale kimoja ilikuwa imetoboa kitambaa na kutokeza nje kiasi cha ukucha, na ndani bawa la kishale cha pili, lile jani jembamba la mkiani, lilikuwa limepata mkunjo ambao haukutoka hata nilipoulainisha kwa mvuke. Kipochi laini nikakiaga siku hiyo.

Nilichonunua badala yake ni kikasha cha plastiki ngumu, polipropilini, chenye nafasi ya ndani ya milimita 180 kwa 120 na kina cha 45: thelathini upande wa chini, kumi na tano kwenye kifuniko. Kinakuja na sponji iliyokwishachanjwa vipande vidogo vya mraba ambavyo havijaachana kabisa, nawe unang'oa vipande mpaka upate umbo la kitu chako. Muuzaji anasema kinafaa kwa kamera, saa, vipuri na chochote kile. Mimi nitasema habari za vishale tu, maana hapo ndipo nilipohangaika nacho.

Gamba lake nalisifu bila kusita. Limenyooka, pembe zake ni za mviringo kwa hiyo halishiki kwenye kitambaa cha begi, na bawaba yake si ya pini bali ni plastiki hiyohiyo iliyopunguzwa unene. Polipropilini huvumilia kukunjwa mara nyingi mno, na mpaka leo bawaba haina ufa.

Sponji ndiyo iliyoniangusha. Vipande vyake vina upana wa milimita kumi, ilhali mwili wa kishale changu una unene wa sita na nusu. Ukiondoa mstari mmoja wa vipande, kishale kinalala ndani ya mfereji mpana kuliko chenyewe na kinacheza. Nikitikisa kikasha karibu na sikio nilisikia chuma kikigonga chuma. Baada ya wiki chache kingo zilianza kumeguka, na punje nyeusi zikawa zinaganda kwenye mikato ya mwili, palepale vidole vinaposhika. Nilikuwa nikizitoa kwa mswaki kabla ya kila mchezo.

La tatu ndilo lililoniuma zaidi. Sponji ile ina vitundu vilivyo wazi, inanyonya maji kama sponji ya kuoshea vyombo. Ukicheza saa mbili mkono unatoka jasho, nami nilikuwa narudisha vishale bila kuvifuta. Mwili wa tungsteni hauna shida sana na hilo, lakini ncha ni chuma cha kawaida kilichochongwa. Mwezi wa pili wa kukitumia nikaona madoa ya kahawia kwenye ncha zote tatu, upande uliogusa sponji. Ncha yenye kutu inakwaruza nyuzi za ubao na inakuwa nzito kuchomoka. Nilizisugua kwa jiwe la kunolea mpaka zikang'aa, kisha nikaing'oa sponji yote nikaitupa.

Kama utanunua kikasha cha aina hii, hesabu tangu mwanzo kwamba unalipia gamba tu. Nilitafuta ubao wa sponji ya polithini wenye unene wa milimita thelathini, ile ngumu kidogo ambayo vitundu vyake vimezibwa kila kimoja peke yake. Hiyo haishiki maji. Ukiidondoshea tone linakaa juu mpaka ulifute.

Kabla ya kuikata nilikaa jioni nzima na rula. Kishale changu kina gramu 23 na urefu wa milimita 150 kikiwa kimeungwa chote: ncha 32, mwili 50, kinachobaki ni shina, kijiti kinachounga mwili na mabawa, na mabawa yenyewe. (Sheria za shirikisho la dunia la mchezo huu zinaruhusu hadi sentimita 30.5 na gramu 50, ila sijawahi kukutana na mtu anayerusha kitu cha namna hiyo.) Karibu uzito wote uko kwenye mwili. Shina la nailoni na mabawa kwa pamoja havifiki gramu mbili. Kwa hiyo kikasha kikianguka, kinachosukuma ni ule mwili mzito, na chochote kilicho mbele yake au nyuma yake ndicho kinachoumia. Kipochi changu cha zamani kilishika vishale kwa ncha. Vingine nilivyoviona vinabana mabawa. Vyote viwili vinashika pasipo na uzito, na uzito unaachwa ujiendee.

Nikaamua sponji ibane mwili peke yake, na ncha na mabawa viwe hewani, visiguse kitu.

Mabawa yalinitatiza. Umbo la kawaida lina upana wa karibu milimita 38 kutoka ukingo hadi ukingo, na ukilaza kishale mabawa yakiwa yamesimama kama msalaba unahitaji kina cha 38. Ubao wangu ni wa thelathini. Nilikuwa nimekwisha kata tamaa na kufikiria kuyatoa mabawa kila mara, jambo ambalo silipendi kwa sababu ukifika unapoteza dakika za kupashia mkono ukiunga vishale. Nikawa nakizungusha kishale mezani kwa kidole huku nikiwaza, na kikatulia chenyewe juu ya kingo mbili za mabawa, msalaba ukiwa umelala kama herufi X. Nikapima: milimita 27! Umbo lilelile, bawa lilelile, ukiligeuza nusu ya pembe mraba tu, yaani nyuzi 45, unaokoa milimita kumi na moja za kina na kumi na moja nyingine za upana. Vishale vitatu sambamba vikaingia na upande mmoja ukabaki na njia ya kuwekea vipuri.

Rafiki tunayecheza naye timu moja alinishauri nigeuze kishale cha katikati kielekee upande mwingine ili vibanane zaidi. Nilikataa. Ukifanya hivyo ncha ya katikati inatazamana na mabawa ya majirani, na siku itakayoteleza itayatoboa. Ncha zote tatu zinaangalia upande mmoja, na mbele yake nimeacha milimita kumi za uwazi.

Kukata kulihitaji subira kuliko nguvu. Nilibandika karatasi ya gundi juu ya ubao, nikachora, nikatumia wembe mpya mrefu na kuuvuta mara moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Ukikata kwa kwenda na kurudi kama msumeno, kingo zinachanika. Mfereji wa mwili niliupa upana wa milimita tano, moja na nusu pungufu ya mwili wenyewe, na kina cha 17. Sponji inajinyoosha kidogo na kukumbata. Sehemu ya mabawa nilishuka hadi 28. Halafu nikakata mfereji mmoja wa kukatisha, upana wa kidole, unaopita chini ya miili yote mitatu. Bila huo ungelazimika kuvuta kishale kwa shina, na shina la nailoni likivutwa hivyo kila siku linavunjikia kwenye hesi, ile mizunguko ya skrubu inayoingia mwilini. Jaribio la kwanza nilikosea kipimo cha mabawa nikaharibu ubao mzima, kwa hiyo nunua mbili.

Mwezi wa saba tangu nikinunue, kikasha kiliniponyoka mkononi juu ya ngazi. Kiligonga kidato, kikageuka, kikagonga cha pili na cha tatu, kikalala sakafuni kikiwa wazi. Nilishuka mbio. Vipuri vilikuwa vimetapakaa kila mahali, lakini vishale vyote vitatu vilikuwa bado vimekaa kwenye mifereji yake, mabawa hayana hata mkunjo. Nilikigeuza kikasha juu chini nikakitikisa, havikutoka.

Anguko hilo lilinionyesha kasoro ambayo muuzaji hawezi kuikwepa: kifungio ni kimoja, katikati, na ni kilaini. Kikasha cha urefu huu kilistahili viwili. Pembe ikigonga, kifuniko kinajipinda na kifungio kinaachia. Niliandika kulalamika, nikajibiwa kwamba kimepita majaribio yao. Tangu hapo nakizungushia ukanda mpana wa mpira, na kazi inaendelea, ila mtu aliyelipa pesa zake kwa kitu cha kulinda hapaswi kukamilisha ulinzi kwa mpira.

Vipuri viko kwenye ile njia ya pembeni, ndani ya kikopo chembamba chenye kifuniko: mashina sita, vipete vya mpira vya kuzuia shina lisilegee, jiwe la kunolea, na kile kichomoleo cha kutolea kipande cha shina kilichovunjikia ndani. Mabawa ya akiba yamelala bapa kwenye kifuniko, chini ya sponji nyembamba. Usiache kitu chochote cha chuma kikielea humo ndani. Kama mwili wa vishale vyako umepakwa rangi ya dhahabu au nyeusi, jiwe moja lililolegea litaibandua ndani ya safari chache.

Wanaorusha vishale vya ncha ya plastiki, kwa ubao wa umeme, hawana wasiwasi wa kutobolewa begi wala kutu, na ninaona hii kazi yote ni nyingi kwao. Wenye mabawa ya kipande kimoja yasiyokunjika, kwa upande mwingine, ndio watakaofaidi kuliko wote, kwa sababu kipochi chembamba hakiwezi kuyabeba yakiwa mazima. Nimeshasafiri nacho kwa ndege pia, kikiwa kwenye begi la mzigo kwa kuwa vitu vyenye ncha kali havikubaliwi mkononi, na kilifika salama na mpira wake.

Tabia moja nimeibadilisha: nikirudi nyumbani navifuta vishale kwa kitambaa kikavu na kukiacha kikasha wazi usiku kucha. Mwaka sasa ncha hazijaonyesha doa. Kingo za mifereji zimeanza kulegea kidogo kwenye kishale cha kwanza, kile ninachokitoa na kukirudisha mara nyingi zaidi, na nadhani mwakani nitabadilisha ubao. Karatasi yenye vipimo vyote nimeikunja na kuiweka chini ya sponji ya kifuniko, pamoja na mabawa.