Maji ya kumwagilia mboga: sheria ya 2015 au ya 2024?

Kwa wanaolima mboga za kuliwa mbichi Marekani, sheria ya 2015 ya FDA (mamlaka ya chakula na dawa ya huko) ilitaka namba: maji ya mto unachukua sampo 20 ndani ya miaka 2 hadi 4, af kila mwaka 5, wastani wa E. koli (bakteria wanaoashiria kinyesi) usizidi 126 kwa mililita 100. Shida mto haukai vilevile, mvua ikipiga leo sampo ya wiki iliyopita haikwambii kitu. Ya 2024 inataka kila mwaka ukague chanzo chenyewe, ng'ombe wa jirani wananywa wapi, mafuriko yanapita wapi, unamwagilia kwa dripu (matone chini ya mmea) au unarushia majani kabisa. Mi naikubali hii, ila maji ya kisima ya kuoshea mboga bado yanapimwa, E. koli isionekane hata kidogo.